Saa za Cherehani Nyumbani



Mwezi wa Desemba ukifika hapa Ngong, na vivyo hivyo kule Kitengela na Kajiado mjini, mlio wa cherehani husikika katika nyumba nyingi hata saa sita za usiku. Shule zinafunguliwa Januari na sare zinatakiwa: sketi za marinda, kaptula, sweta. Arusi nazo ni nyingi mwezi huo, na kwaya inataka mavazi mapya kabla ya Noeli. Mama aliyekuwa na oda tatu mwezi wa Septemba sasa ana ishirini. Na ndio mwezi watoto wote wako nyumbani, wageni wanabisha hodi, na nyanya kule mashambani anauliza mtakuja lini.

Ugomvi unaotoka hapo nimeusikia mara nyingi nikizungumza na wanandoa. Mume husema, "Mama watoto, umeolewa na mimi au na hiyo mashine?" Mke naye hujibu, "Baba, karo ya muhula uliopita ilitoka wapi?" Kila mmoja ana ukweli wake, na ndiyo sababu hawasikilizani. Leo natuache kwanza kutafuta mwenye makosa, tuangalie saa zenyewe.

Kazi isiyo na kengele

Anayeshona katika viwanda vya nguo vya Athi River, jirani na Kitengela, ana saa ya kuingia na saa ya kutoka. Akiwa kazini hakuna anayemwita amtafutie soksi. Lakini anayeshona sebuleni huitwa na kila mtu. Mtoto anataka chai, jirani anataka kuazima sufuria, mteja amekuja kujaribu nguo wakati maharagwe yanaungua. Kwa kuwa yuko nyumbani, watu humwona kama mtu asiye na kazi. Basi kazi anaifanya kwa saa za kuibia, na saa za kuibia zina mwenyewe. Ni za usingizi wake, au za watoto, au zile chache ambazo mume na mke wangeketi pamoja.

Jaribuni kupiga hesabu. Tuseme sketi moja ya marinda humchukua mama saa 3, tangu kukata mpaka kupiga pasi, naye amekubali sketi 20. Hizo ni saa 60. Ikiwa ana saa 2 za utulivu kila usiku watoto wakishalala, anahitaji usiku 30 bila kukosa hata mmoja: stima isipotee, mtoto asiugue, pasiwe na msiba wala mkutano wa jumuiya. Akianza tarehe 10 Desemba atamaliza tarehe 8 Januari, na wakati huo huenda shule zimekwisha kufunguliwa. Mama hakuwa mvivu hata kidogo. Alikubali kazi ambayo usiku wake haukuweza kuibeba, na hakuna aliyeketi naye kuhesabu.

Hesabu hiyo ifanywe na wawili, mwezi wa Oktoba au mapema Novemba, kabla wateja hawajaanza kuja. Mkubaliane mtapokea oda ngapi na siku ya mwisho ya kuzipokea. Mteja atoe nusu ya pesa kabla kitambaa hakijakatwa. Anayechelewa aambiwe kwa upole kwamba nafasi imejaa. Najua ni vigumu kukataa pesa ya Desemba. Lakini oda iliyochelewa nayo hula pesa, maana mteja hudai apunguziwe, na mwaka ujao huenda kwa fundi mwingine.

Si kila kazi inataka saa ileile

Kina mama wa Kimaasai wanaotunga shanga wana jambo la kutufundisha hapa. Shanga zenyewe ni za kioo, nyingi hutoka mbali, Jamhuri ya Cheki, lakini kazi hufanyiwa chini ya mti, mchana, kina mama wameketi pamoja wakizungumza na watoto wakicheza karibu. Mtoto akilia, uzi unawekwa chini. Akinyamaza, unaokotwa na kazi inaendelea palepale. Kufuma sweta na kutarizi vitambaa vya makochi ni vivyo hivyo.

Kukata kitambaa ni jambo tofauti kabisa. Kunataka meza nzima na akili iliyotulia, kwa sababu mkasi ukishapita haurudi. Kwa hiyo anayeshona agawanye kazi yake kwa aina. Kukata kufanywe mchana nyumba ikiwa kimya, nguo kadhaa kwa siku moja. Mashine iwe na saa zake zinazojulikana na wote. Pindo, vifungo na kung'oa nyuzi zibaki kwa jioni, wakati mtoto anasoma kitabu chake kwa sauti kando ya mama. Shule za siku hizi hupenda kumpa mtoto kazi ya mikono ya kufanyia nyumbani, basi vipande vilivyobaki vya kitambaa viwekwe kwenye mfuko mmoja. Mfuko huo utawaokoa siku mtoto atakapokumbuka saa tatu usiku kwamba mwalimu anataka mwanasesere kesho asubuhi.

Kama hakuna chumba cha kushonea, na wengi wetu hatuna, kona moja inatosha, yenye pazia na kopo lenye kifuniko. Sindano, pini na shanga ndogo hazifai kulala sakafuni penye mtoto anayetambaa. Kila kitu kinakwenda mdomoni.

Upande wa mume

Waume wengi wa Ngong hutoka alfajiri kwenda Nairobi na kurudi usiku wamechoka. Sisemi wajifunze kuweka zipu, ingawa mafundi wengi wa nguo hapa mjini ni wanaume na hakuna anayewacheka. Lakini anayefanya kazi mjini anaweza kupitia Eastleigh akaleta vitambaa na nyuzi, mke asipoteze siku nzima kwenye matatu. Anaweza kupeleka nguo kwa mteja Jumamosi. Anaweza kuosha watoto na kusonga ugali jioni mbili kwa wiki katika msimu wa sare. Jioni mbili za saa mbili ni saa nne, yaani sketi moja na zaidi kidogo kila wiki, na mke analala mapema.

Tunapenda kusoma Methali sura ya 31 kwenye arusi, juu ya mke hodari anayesokota nyuzi na kushona nguo. Wanaume huipenda sana. Sijui kwa nini wengi huruka mstari wa 15, unaosema kwamba mama huyo alikuwa na watumishi wa kike, na ule wa mwisho unaotaka apewe matunda ya kazi yake.

Maandiko yanatupa pia mume na mke waliokuwa na ufundi mmoja, Akula na Priskila, katika Matendo ya Mitume sura ya 18. Walifukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakafika Korintho, na kazi yao ilikuwa kushona mahema. Paulo, ambaye alikuwa na ufundi huohuo, alikaa kwao wakafanya kazi pamoja. Baadaye tunasoma kwamba waamini walikutana nyumbani kwao. Hebu fikirini nyumba hiyo: ufundi, mgeni na kanisa. Kila wanapotajwa katika Agano Jipya wanatajwa wawili.

Juu ya pesa nitasema kwa ufupi. Sheria ya Kenya ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto na usimamizi wa biashara ya familia kuwa mchango katika mali ya ndoa. Basi mume asiseme yeye peke yake ndiye aliyejenga. Mke naye asifiche pesa za cherehani kana kwamba ni siri. Wekeni daftari moja: kitambaa kiligharimu kiasi gani, uzi na stima kiasi gani, ni nini kilichobaki. Wengine watagundua kwamba nguo fulani haileti faida yoyote, na hiyo ndiyo ya kuacha kwanza.

Kazi ya mwezi huu: shukeni kalenda ukutani, mkae wawili watoto wakiwa wamelala. Wekeni alama kwenye Jumapili zote, siku za kusafiri, sikukuu na siku ya kufungua shule. Kisha hesabuni jioni zilizobaki, mziandike pembeni, na kalenda irudi ukutani palipo cherehani, mahali ambapo mteja naye ataiona.