Feni Inayonguruma: Nafasi ya Vitenzi katika Kiswahili cha Ukarabati wa Kipakatalishi, kwa Mfano wa Mautuma

Utangulizi

Kwa muda mrefu mjadala wa istilahi za tarakilishi katika Kiswahili umekuwa mjadala wa nomino. Wapo wanaotetea kompyuta, wapo wanaoshikilia tarakilishi, na wapo waliopendekeza ngamizi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulifanya kazi ya kupongezwa ya kuyapatia Kiswahili maneno yanayosomwa kiwamboni. Vilivyomo ndani ya mashine yenyewe ni suala jingine. Makala hii inaingia huko ndani kupitia tatizo moja dogo, nalo ni feni ya kipakatalishi inayopiga kelele huku mashine ikipata joto kupita kiasi. Hoja inayotetewa ni kwamba mteja na fundi huelewana kwa vitenzi kabla ya kuelewana kwa nomino, na kwamba vitenzi vinavyohitajika Kiswahili kinavyo tangu zamani.

Mazingira ya tatizo

Mautuma iko Lugari, katika Kaunti ya Kakamega, kwenye nyanda za mahindi ambazo baada ya uhuru wa mwaka 1963 ziligawiwa wakulima wadogo chini ya mipango ya makazi. Nyumbani wengi huzungumza lahaja za Kiluhya. Sokoni na kwa fundi Kiswahili hutawala. Mavuno yanapomalizika mwishoni mwa mwaka, kiangazi huingia. Mahindi huanikwa, hupukuchuliwa, na hewa hujaa vumbi la barabara pamoja na makapi mepesi yanayopeperuka hadi ndani ya nyumba. Msimu huo ndio pia mwanafunzi wa chuo kikuu anaporudi kwao likizoni na tasnifu yake ndani ya kipakatalishi, akaiandika usiku kitandani, mashine ikiwa juu ya blanketi.

Feni hufyonza hewa kupitia matundu ya chini na kuisukuma nje kupitia tundu la ubavuni. Blanketi likiyaziba matundu ya chini, feni hukosa hewa. Lisipoyaziba, huipa nyuzi za sufi. Nyuzi hizo hukutana na vumbi la kiangazi, vikafumana mbele ya tundu la kutokea na kuwa kama kipande cha jamvi. Hapo ndipo tatizo linapozaliwa. Kichakataji cha kisasa kinapokaribia nyuzi 100 za selisiasi hupunguza kasi yake chenyewe ili kisiungue, na joto likizidi mashine hujizima ghafla. Sura ambayo haikuwa imehifadhiwa hupotea. Mwanafunzi asiyejua sababu hudhani amepatwa na virusi, na akikutana na fundi asiye mwaminifu, hulipia kufutwa na kupangwa upya kwa programu zote, jambo ambalo halisaidii lolote. Mara nyingine tasnifu hufutwa pamoja nazo.

Vitenzi vya sauti na joto

Kosa hilo huanzia kwenye maelezo. Mteja akisema tu kwamba mashine "inasumbua" au "inapiga kelele", fundi hana pa kuanzia. Lakini mzungumzaji wa Kiswahili ana akiba kubwa ya vitenzi vya sauti, na kila kimoja huelekeza kwenye hitilafu yake. Feni inayovuma, kama upepo unavyovuma mitini, ni nzima: inasukuma hewa, na hewa inapita. Feni inayonguruma muda wote, hata mtu anapoandika barua fupi tu, inazunguka kwa kasi yake yote bila mafanikio kwa sababu njia ya hewa imeziba. Inayotatarika ina kitu chepesi kinachogongwa na mapanga yake, pengine kapi la hindi. Inayokwaruza ni jambo zito zaidi, maana ama panga linagusa waya au ukuta, ama mhimili umelegea na kuinama. Inayotetema hadi kiganja kikahisi imepoteza ulinganifu, na mara nyingi imevunjika panga.

Kuna pia kunyamaza. Watu wengi hufurahi kelele zinapokoma, ilhali kimya chenye joto ndicho cha kuogopwa kuliko ngurumo yoyote: feni imekufa, na kichakataji kimeachwa peke yake.

Kwa upande wa joto, usemi unaosikika sana ni kwamba mashine "inashika moto". Usemi huo una utata usiofaa karakanani, kwa kuwa nyumba nayo hushika moto. Kiswahili kina kitenzi bora, nacho ni kufukuta, na nomino yake fukuto, yaani joto lililofungiwa likakosa pa kutokea. Kipakatalishi kilichoziba matundu hufukuta. Neno hilo lina maelezo ya chanzo ndani yake, jambo ambalo "joto kupita kiasi", tafsiri iliyozoeleka, halina.

Nomino hazikosekani pia, ingawa historia yake ni ya kukopa zaidi. Feni ni ya Kiingereza. Panka limetoka India. Na pangaboi la Tanzania lilianza kama jina la mtumishi aliyevuta panka la kitambaa darini wakati wa ukoloni wa Waingereza huko India, kisha mtumishi akasahaulika na jina likabaki kwa mashine. Upepeo ni wetu, lakini unabeba picha ya kifaa cha mkononi cha ukindu. Feni inatosha, na hakuna haja ya kuligombania.

Kutendua na kutenda

Hazina iliyo muhimu zaidi iko kwenye mnyambuliko wa kutendua, ambao wanafunzi huukariri kwa ajili ya mtihani na kuusahau. Ukarabati ni kutendua kilichotendwa, kisha kukitenda upya. Funga na fungua, chomeka na chomoa, bandika na bandua, pachika na pachua, ziba na zibua: jozi hizi zinatosha kuieleza kazi nzima ya kusafisha feni.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mashine huzimwa kabisa, ikachomolewa waya wa umeme na kuachwa ipoe. Skrubu za chini hufunguliwa kwa bisibisi ndogo na kupangwa kwenye karatasi kwa mfano wa mahali zilipotoka, kwa kuwa urefu wake hutofautiana na ndefu ikirudishwa pa fupi huweza kutoboa bodi. Kifuniko huchomolewa taratibu. Betri ikiwa ya ndani, waya wake huchomolewa mwanzo kabla ya kugusa kingine chochote, na fundi hugusa chuma kitupu ili kuondoa umeme tuli mwilini. Waya wa feni huchomolewa kwa kushika kichwa chake, si nyuzi zake, kisha feni hubanduliwa.

Nyuma yake huonekana vibamba vyembamba vya chuma vilivyosimama pamoja kama mapezi ya samaki, na mapezi ndilo jina linalovifaa. Vimeungwa kwenye bomba bapa la shaba lenye kimiminika kidogo ndani. Upande wa kichakataji kimiminika huvukizwa na joto, mvuke ukasafiri hadi kwenye mapezi, ukapoa na kurudi kuwa kimiminika. Feni hupuliza kati ya mapezi hayo. Jamvi la vumbi hukaa hapo hasa, kati ya feni na mapezi, mahali pasipoonekana kwa nje. Hii ndiyo sababu kupuliza kupitia tundu la ubavuni bila kufungua husaidia siku chache tu: jamvi husukumwa nyuma, kisha hurudi.

Jamvi huondolewa kwa brashi laini au kijiti, na mapezi huzibuliwa. Mapanga ya feni hufutwa yakiwa yameshikwa yasizunguke, kwa sababu upepo mkali huweza kuyazungusha kupita kasi yake na kuharibu mhimili. Kompresa ya mziba pancha inavutia kwa nguvu zake, lakini hewa yake mara nyingi huwa na maji na mafuta, na vyote viwili ni adui wa bodi.

Iwapo mashine ina umri wa miaka kadhaa, rojo la kupitisha joto kati ya kichakataji na bamba la shaba huenda limekauka. Hulainishwa na kufutwa kwa spiriti safi na kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha hupakwa jipya, kiasi cha punje ya mchele. Kazi ya rojo ni kujaza vishimo vidogo ambamo hewa ingekaa, kwa kuwa hewa hupitisha joto vibaya. Likizidi huwa lenyewe kizuizi. Skrubu za bamba hilo hufungwa kwa kupishana pembe kwa pembe, kila moja kidogo kidogo, na mara nyingi tarakimu za mpangilio huwa zimechapwa kandoni mwake.

Mpangilio wa maagizo

Anayeandika maagizo ya aina hii kwa Kiswahili hana budi kuangalia sintaksia yake. Sentensi "Fungua kifuniko baada ya kuchomoa umeme" ni sahihi kisarufi lakini ni ya hatari, kwani msomaji aliye kazini hutenda anachokisoma kwanza. "Chomoa umeme, ndipo ufungue kifuniko" inafuata mpangilio wa mikono. Neno ndipo hufunga tendo la pili kwa sharti la la kwanza, na ni ajabu kwamba halionekani sana katika vijitabu vya maelekezo vilivyotafsiriwa, ambavyo hung'ang'ania "hakikisha kwamba umechomoa". Aidha, "kabla hujafungua" ina uzito kuliko "kabla ya kufungua", maana inamwona mtendaji akiwa bado hajagusa kitu.

Kila kitu kikiisha kurudishwa, mashine huwashwa na kusikilizwa. Ngurumo ikigeuka kuwa mvumo, jamvi ndilo lililokuwa tatizo. Ikiendelea kukwaruza, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mhimili huweza kuipa miezi michache, ikiwa kibandiko chake kinabanduka. Mafuta ya kupikia hayafai, kwani huganda na kunasa vumbi. Mhimili uliolika haurudi. Namba iliyochapwa kwenye kibandiko cha feni, wala si jina la kipakatalishi, ndiyo ya kuandikwa na kupelekwa dukani Kakamega au Eldoret, kwa sababu aina moja ya kipakatalishi huweza kuwa na feni mbili zisizoingiliana.