Kumbukumbu na Ukuaji wa Akili ya Mtoto: Kijitabu kwa Wazazi, Walezi na Walimu

Mtoto aliyelihifadhi somo lake usiku akalisema lote bila ya kukwama, kisha asubuhi yake akasimama kimya mbele ya mwalimu, aghalabu huhukumiwa papo hapo kuwa ni mvivu, au mzito wa akili, au mtundu mwenye kusudi la kuwaudhi wakubwa wake, na hukumu hiyo mara nyingi hufuatiwa na fimbo, au na dhihaka, ambayo huumiza zaidi ya fimbo. Kijitabu hiki kimetungwa ili kumtetea mtoto huyo, tena kwa hoja na si kwa huruma tu, kwa kuwa wataalamu wa saikolojia wameichunguza kumbukumbu kwa zaidi ya miaka 130, na yale waliyoyathibitisha yanaonyesha wazi kwamba kusahau ni desturi ya akili timamu, na kwamba desturi hiyo ina mwendo unaoweza kujulikana na kukabiliwa.

Kusahau kuna mwendo wake

Aliyetangulia kuipima kumbukumbu kwa hesabu alikuwa Mjerumani Hermann Ebbinghaus, ambaye, kwa kuwa hakutaka maana ya maneno imsaidie, alijitungia silabi zisizo na maana yoyote, akazihifadhi mwenyewe safu baada ya safu, kisha akajitahini baada ya dakika, saa, siku na hata mwezi, akitazama ni kiasi gani cha taabu kinachopungua anapojifunza safu ile ile upya. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1885 yalionyesha kwamba saa moja tu baada ya kuhifadhi, zaidi ya nusu ya nafuu ile ilikwisha kupotea, na baada ya siku moja ilibaki takriban theluthi. Lakini baada ya mwezi mzima bado ilibaki kama sehemu moja katika tano. Kumbe basi kusahau huenda mbio mwanzoni, kisha hupunguza mwendo, na mtoto aliyepotewa na somo usiku mmoja amepatwa na lile lile lililompata mwanachuoni. Ebbinghaus aliona pia kwamba marudio yaliyogawanywa katika siku kadhaa hufaa kuliko marudio mengi yaliyorundikwa katika siku moja.

Walimu wa vyuo vya Kurani katika mwambao wetu, wanaomtaka mwanafunzi kudurusu masomo yaliyopita na kuyasoma kwa moyo bila ya kuutazama ubao, wanashika kwa mazoea jambo ambalo wachunguzi wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilithibitisha kwa majaribio waliyoyatangaza mwaka 2006. Wanafunzi waliosoma habari fulani kisha wakairudia kuisoma waliwashinda wenzao walipotahiniwa baada ya dakika tano. Lakini baada ya wiki moja ushindi uligeuka, wakakumbuka zaidi wale ambao, badala ya kusoma tena, walikuwa wamejilazimisha kuyatoa kichwani yale waliyoyasoma. Kusoma tena humpa mtu dhana kwamba anajua, ilhali anachokijua ni sura ya ukurasa tu. Kwa hiyo mzazi, hata asiyejua kusoma, anaweza kumfaa mwanawe kwa kumwambia, "Haya mwanangu, funika daftari, nieleze uliyofundishwa leo," na kumwuliza tena kesho, na tena baada ya siku tatu au nne, akiacha kimya kidogo kipite kabla ya kumkumbusha, maana juhudi ile ya kutafuta ndiyo inayoikaza kumbukumbu.

Yako mambo mengine ambayo mtoto hayasahau, bali hayakupata kuingia. Akili ya mtu mzima, kwa mujibu wa makala mashuhuri ya George Miller ya mwaka 1956, hubeba kwa wakati mmoja vitu vipatavyo saba, na wachunguzi wa baadaye wakaona kuwa ni vinne tu ikiwa mtu hapewi nafasi ya kuvikusanya mafungu mafungu. Mtoto hubeba pungufu ya hapo. Mama anayemwambia mtoto wa miaka mitano, "Nenda dukani kanunue chumvi na kiberiti, upitie kwa shangazi umrudishie sufuria yake, umwambie nitakuja alasiri, na urudi na chenji," amemtwika zaidi ya uwezo wake, na mtoto arudipo na chumvi peke yake hakukaidi amri. Apewe mambo mawili, ayaseme kwa kinywa chake kabla ya kuondoka, na atayatimiza.

Tena kumbukumbu si moja. Mwaka 1953 huko Hartford, Marekani, kijana Henry Molaison, aliyekuwa akisumbuliwa mno na kifafa, alipasuliwa na daktari William Scoville, akaondolewa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya kile kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua, lakini tangu hapo hata alipofariki mwaka 2008 hakuweza kuhifadhi habari mpya: mtu aliyezungumza naye akatoka, akirudi baada ya muda mfupi alipokewa kama mgeni. Walakini Brenda Milner, mtaalamu wa Montreal, alipompa kazi ya kufuatisha mistari ya nyota kwa kalamu huku akiuona mkono wake katika kioo tu, mkono ulizidi kuwa hodari siku hata siku, ilhali mwenyewe hakukumbuka kuwa alipata kuifanya kazi ile. Ndipo ilipobainika kuwa maarifa ya mkono yana njia yake katika ubongo, na maarifa ya habari yana njia nyingine.

Akili hukua kwa hatua

Chukua bilauri mbili zilizo sawa, uzijaze maji kwa kimo kimoja mbele ya mtoto wa miaka minne au mitano, naye akiri kuwa maji ni sawa. Kisha, akitazama, mimina ya bilauri moja katika chombo chembamba kirefu, umwulize yapi ni mengi. Aghalabu atakionyesha kile kirefu bila ya kusita, kwani jicho lake limeshika kimo na halikujali upana. Jean Piaget, Mswisi aliyeishi tangu 1896 hadi 1980, aliwauliza watoto maswali ya namna hii kwa miaka mingi, akafahamu kwamba kosa lao lina utaratibu wake, na kwamba hufikia takriban miaka saba ndipo wengi wao hujibu kuwa maji ni yale yale. Miaka hiyo isichukuliwe kama sheria: huko Mexico, watoto wa wafinyanzi, waliozoea kuukanda udongo, walionekana kutambua mapema kuliko wenzao kwamba bonge la udongo halipungui likibadilishwa umbo. Kazi ya mikono, basi, ni elimu, na mtoto anayepima mchele dukani kwa babake anajifunza hesabu.

Lev Vygotsky, Mrusi aliyefariki kijana mwaka 1934, aliongeza kuwa akili ya mtoto isipimwe kwa yale tu ayawezayo peke yake, bali pia kwa yale ayawezayo akishikwa mkono.

Mwili nao una haki yake. Usingizi wa kutosha huyakaza yaliyosomwa mchana. Na upungufu wa madini joto kwa mama mjamzito na kwa mtoto mchanga hudhuru ubongo unaojengeka, dhara ambalo chumvi iliyotiwa madini hayo hulizuia kwa gharama ndogo. Na yule asiyeshika kabisa asemayo mwalimu, kabla hajaitwa mjinga, apelekwe kituo cha afya akapimwe masikio na macho, kwani mtoto aliyezaliwa na usikivu hafifu hajui kwamba wenzake wanasikia zaidi yake, na hawezi kulalamikia asichokijua.