Kompyuta Ikiganda: Somo la Sabr na Taqsim



Ndugu zangu katika imani, tulipofundishwa njia ya sabr na taqsim katika somo la usul al-fiqh, niliiandika daftarini kwa ajili ya mtihani tu. Sikujua kwamba siku moja nitaihitaji chumbani kwangu hapa Kakoba, mbele ya kompyuta iliyoganda.

Kompyuta hiyo ni ya ndugu yetu mmoja ambaye familia yake inaishi Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1958 katika wilaya ya Isingiro. Ni laptopu ya nyumba nzima. Ndani yake mlikuwa na picha za marehemu baba yao na nakala za vyeti vya shule vilivyobaki Kongo. Windows iliyokuwamo ilinakiliwa bila leseni, na virusi vilikuwa vimejaa. Ndugu yetu alitaka kuachana nayo. Alikuwa amesikia kwamba Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano huko Kuwait, Desemba 1988, iliamua kwamba haki za uandishi na uvumbuzi zinalindwa na sharia na haifai kuzivamia. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, mtu anaruhusiwa kuinakili na kumpa mwenzake. Basi akaniomba nimsakinishie.

Kabla ya yote tulinakili picha na vyeti kwenye diski ya nje. Usiiguse kompyuta ya mtu kabla ya hatua hii, maana usakinishaji unaweza kufuta kila kitu, na hiyo ni amana.

Kisha tukachomeka flashi, tukawasha. Maandishi yakapita, skrini ikawa nyeusi, kimya. Tukarudia mara tatu, ni vilevile. Nikasema, "Hii imekufa, tafuteni nyingine." Ndugu yangu akainamisha kichwa. "Kaka, hii tuliinunua kwa maharage ya msimu mzima."

Nikaona aibu. Nilikuwa nimetoa hukumu bila kujua illa yake. Nikachukua daftari.

Taqsim ni kuorodhesha kila sababu inayowezekana. Sabr hapa si ile ya subira inayoandikwa kwa swad. Hii ni ya sin, na maana yake ni kupima kina, kama tabibu anavyopima kina cha kidonda. Unaipima kila sababu peke yake, unaondoa isiyofaa, mpaka ibaki moja. Tuliandika tano.

La kwanza, faili tuliyopakua imeharibika. Tuliipima kwa amri ya sha256sum, tukalinganisha jibu na namba iliyotangazwa na watengenezaji. Zililingana herufi kwa herufi.

La pili, flashi ni mbovu. Tuliichomeka kwenye kompyuta yangu, ikawaka vizuri.

La tatu, kumbukumbu, yaani RAM, ina hitilafu. Tuliendesha programu ya memtest usiku kucha. Baada ya swala ya alfajiri tulikuta haijaonyesha kosa hata moja.

La nne, diski imechoka. Lakini tulikuwa tumenakili kila kitu kutoka humo bila kukwama popote. Dhana hii ikawa dhaifu.

La tano, Linux haielewani na kadi ya picha. Kwenye menyu ya kuanzia tulibonyeza herufi e, tukatafuta mstari unaoanza na neno linux, na mbele ya maneno quiet splash tukaongeza nomodeset, kisha tukabonyeza F10. Neno hilo linakizuia kiini cha Linux kujipangia chenyewe mambo ya skrini. Kompyuta ikawaka!

Hatukuishia hapo. Tulizima, tukawasha bila neno lile: ikaganda. Tukalirudisha: ikawaka. Wanausul wanaita hii dawaran, hukumu kuzunguka pamoja na illa, ikiwepo ipo, ikikosekana haipo. Hapo ndipo tukasakinisha kwa utulivu.

Ukimaliza, ujue kwamba nomodeset ni kama ruhusa ya dharura. Skrini inaweza kuwa nzito na isiwe na ukubwa wake kamili. Kompyuta ikiwaka mara ya kwanza huenda ukalazimika kuongeza neno hilo tena. Kisha sakinisha programu inayofaa kadi yako ya picha, na dharura ikiondoka, liondoe. Kama haipatikani, kwenye Ubuntu au Debian liandike katika faili ya /etc/default/grub, kwenye mstari wenye neno quiet, halafu endesha sudo update-grub.

Maulamaa wanatahadharisha kwamba njia hii ina nguvu pale tu orodha inapokuwa kamili. Ukisahau sababu moja, jibu lako lina shaka. Na ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja, hutajua lipi lilitibu.

Ndugu yetu alirudi Nakivale na kompyuta yake, picha za baba yake zikiwa humo na kwenye diski ya pili. Mimi nilibaki na funzo kwamba neno "imekufa" ni hukumu, na hukumu inataka dalili.

Wabillahi tawfiq.