SOMO: MAJI NDANI YA GARI YANAINGILIA WAPI?



Somo la leo ni la madereva, mautingo na mafundi wa mashambani. Lakini hata asiyeshika usukani na asome, maana wengi wetu tunapelekwa kazini na magari hayo hayo. Tutajifunza namna ya kutafuta mahali maji yanapoingilia ndani ya gari kuukuu. Mfano wetu ni Land Rover za zamani.

Kwa nini ni jambo la chama

Mwaka 2009 nilikuwa utingo katika shamba moja la chai magharibi ya Uganda. Dereva wetu alikuwa mtu mzima na mwangalifu. Sakafu ya upande wake ilioza kwa kutu hata ukawa unaiona barabara. Msimamizi akasema dereva ni mzembe, anaacha mlango wazi wakati wa mvua. Akaanza kukatwa mshahara. Sisi tulikuwa na maneno matupu, ushahidi hatukuwa nao.

Ndipo fundi mmoja mzee alipochukua ndoo ya maji na kipande cha chaki, akatuonyesha kwamba mlango hauna kosa. Maji yalipita kwenye mipira ya vifuniko vya hewa, vilivyo chini ya kioo cha mbele. Mipira hiyo ilikuwa imeombwa mara tatu katika daftari la matengenezo, na haikununuliwa. Makato yakasimama. Lakini fedha za miezi miwili iliyokwisha kukatwa hazikurudishwa mpaka leo. Kama tungalijua kupima mapema, asingalipoteza hata senti moja.

Lifahamu gari lako

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Wakati ule chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu. Ndiyo sababu watu husema Land Rover haiozi. Si kweli. Chasisi ni ya chuma, na ukuta unaotenganisha injini na dereva ni wa chuma pia. Ukuta huo ndio wenye mahali pa kuwekea miguu, na hapo ndipo kanyagio la breki limefungwa. Tena aluminiamu ikigusana na chuma penye maji, aluminiamu huliwa upesi.

Basi maji miguuni si taabu ya viatu tu. Ukuta ukioza, breki yako inashikwa na kitu kibovu.

Hatua ya 1: Ni maji gani?

Gusa kwa kidole, kisha nusa. Usionje kamwe.

(a) Yakiwa maji matupu au ya matope, ni ya mvua au ya barabarani.

(b) Yakiwa yanateleza, yana rangi na harufu tamu, na gari lina hita, huenda ni maji ya rejeta yenye dawa. Dawa hiyo ni sumu. Ngoja injini ipoe, ufungue rejeta uone kama maji yamepungua.

(c) Yakiwa mafuta mepesi yanayotiririka kwenye kanyagio na kubabua rangi, ni mafuta ya breki au ya klachi. Gari lisitoke. Aitwe fundi.

Hatua ya 2: Kausha, kisha uliza

Ondoa mikeka yote, kausha kwa tambara, tandaza magazeti makavu. Halafu muulize anayeliendesha: maji huingia lini? Yakiingia gari likiwa limesimama mvuani, tafuta juu. Yakiingia wakati wa kupita kwenye madimbwi tu, tafuta chini: kizibo kilichopotea, tundu la kutu, au mpira uliochanika penye kanyagio na gia.

Hatua ya 3: Mwaga maji kwa utaratibu

Kazi hii yataka watu wawili. Mmoja akae ndani na tochi na chaki, milango ifungwe. Mwingine awe nje na mpira wa maji au kopo. Maji yateremke taratibu kama mvua, yasirushwe kwa nguvu, maana maji ya nguvu hupenya hata penye mpira mzima.

Anza chini, panda juu. Ukianza juu, maji yatalowesha kila kiungo na hutajua lipi ni kosa. Kaa mahali pamoja dakika tano kabla ya kupanda. Fuata mpango huu:

1. Sehemu ya chini ya mlango.
2. Pembeni mwa mlango na dirisha lake.
3. Vifuniko vya hewa.
4. Mahali fremu ya kioo cha mbele inapokaa juu ya ukuta wa injini.
5. Mpira wa kioo chenyewe.
6. Kiungo cha paa na fremu ya kioo, pamoja na ribiti za paa.

Aliye ndani akiona tone la kwanza apige kelele, achore chaki hapo hapo. Asitazame dimbwi la sakafuni. Maji husafiri kwa kufuata waya na mikunjo ya bodi kabla ya kudondoka. Yale ya dereva wetu yalidondoka karibu na mlango, kumbe yametoka kwenye kifuniko cha hewa.

Mlango upime pia kwa gazeti. Weka kipande cha gazeti, funga mlango, kivute. Kikitoka bila kukaza, mpira haushiki mahali pale, au bawaba zimelegea. Zunguka mlango wote.

Hatua ya 4: Tengeneza

Mpira uliokauka na kupasuka ubadilishwe. Usipake gundi juu ya uchafu na unyevu, haitashika. Usizibe matundu madogo yaliyo chini ya milango, kwani hayo ni ya kutolea maji. Kutu ikwaruzwe hadi chuma kizima. Palipotoboka pakatwe, pachomelewe kipande kipya, pasifichwe kwa puti na rangi. Kabla ya kuchomelea, waya za betri zifunguliwe. Angalia pia chini ya viti, maana katika baadhi ya Land Rover tangi la mafuta liko huko.

Hatua ya 5: Andika

Andika tarehe, namba ya gari, mlipomwaga maji, mlichoona na majina ya waliokuwapo. Nakala moja apewe msimamizi, nyingine abaki nayo mjumbe wa tawi.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, tangu mwaka 2022 umo katika mikataba ya msingi. Kifungu cha 21 chasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Kifungu cha 13 chamlinda anayejitoa kwenye kazi akiwa na sababu ya haki ya kuamini kuwa ina hatari kubwa iliyo karibu.

Maswali ya kujadiliana tawini

1. Kwa nini tunaanza kumwaga maji chini na si juu?
2. Ukikuta mafuta ya breki miguuni na msimamizi anasema endesha, utafanya nini, na utamwita nani kwanza?
3. Je, shambani kwenu daftari la matengenezo lipo, na mjumbe wenu hulisoma?