Jirani Ameleta Karatasi ya Sulhu: Tusaini?

Mshauri,

Mimi ni mkazi wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Mamangu ana miaka 58, na kwa miaka mingi amekuwa akiuza mahamri, mbaazi na viazi karai kwenye baraza la nyumba ya jirani yetu, kwa idhini yake. Miezi minne iliyopita kipande cha roshani ya nyumba hiyo kilikatika kikamwangukia. Alivunjika bega na mkono wa kulia, akafanyiwa upasuaji na kutiwa vyuma. Gharama za hospitali zimefika shilingi 140,000, na nyingi tumezichanga sisi watoto. Hadi leo hawezi kukanda unga wala kuinua karai.

Mtaa mzima ulijua roshani ile imeoza. Boriti zililiwa na mchwa, na wapangaji walikwisha kumwambia mzee mwenyewe. Yeye anasema nyumba ni ya mirathi, ndugu zake wawili wako Muscat, na nyumba za huku haziguswi bila ruhusa ya Makumbusho ya Taifa. Wiki iliyopita alikuja na wazee wawili, shilingi 60,000, na karatasi ya Kiingereza isemayo kwamba mama amepokea malipo kamili na ya mwisho na hatadai tena. Mafundi wameanza kuibomoa roshani.

Wajomba wanasema tusaini, kwa kuwa ajali ni kadari na kumshtaki jirani ni aibu. Kakangu anataka twende kwa Kadhi. Kuna kijana alitukuta hospitali, anatuahidi wakili asiyechukua hata senti mpaka tushinde, kisha tugawane nusu kwa nusu. Mama analia tu, hataki kuharibu ujirani. Tufanye nini?

Binti wa Kibokoni

Binti yangu. Mpe mama pole nyingi, Mungu amrudishie nguvu za mkono wake.

Karatasi ile msiisaini. Sulhu ni jambo jema, na huenda kisa chenu kikaishia kwenye sulhu, lakini mtu hawezi kusamehe deni ambalo hajalihesabu. Mama yenu bado ana vyuma mwilini. Hakuna daktari aliyewaambia kama mkono utarudi kama zamani, kama vyuma vitatolewa kwa upasuaji mwingine, wala kama atakanda unga tena. Akitia sahihi leo kisha mwakani bega likakataa, mahakama itamuuliza kuhusu karatasi hiyo kwanza, na kuitengua si kazi nyepesi: itambidi athibitishe kwamba alidanganywa, alilazimishwa au hakuelewa alichokisaini. Na karatasi yoyote ya Kiingereza isomwe yote kwa Kiswahili, mbele ya mtu mnayemwamini, kabla kalamu haijashikwa.

Nije kwa wajomba. Ni kweli kila jambo lina kadari yake, lakini kadari haimwondolei mtu dhamana. Hata katika dini yetu, wanazuoni wameandika milango mizima juu ya diya na fidia ya majeraha, kwa hivyo anayedai fidia ya mkono uliovunjika hajaikana imani yake. Sheria ya Kenya nayo inauliza maswali mepesi: Je, mwenye nyumba alikuwa na wajibu wa kumlinda aliyekaa pale? Je, aliuacha wajibu huo? Je, madhara yametokana na kuuacha? Mama alikaa barazani kwa idhini, na Sheria ya Dhima ya Wakaaji wa Majengo, Sura ya 34, inamtaka mwenye mamlaka ya jengo achukue hadhari ya kutosha kwa watu wa namna hiyo. Wapangaji walimwonya, akanyamaza. Huo ndio uzembe ambao mahakama huutafuta.

Hoja ya Makumbusho isiwababaishe. Ni kweli Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na ukarabati wa nyumba hizi za matumbawe na boriti za mikoko hupitia ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Lakini sharti la kuomba ruhusa halimpi mtu ruhusa ya kuiacha roshani ioze juu ya vichwa vya watu. Muulizeni kwa adabu: uliomba lini, na barua yako iko wapi? Mbona mafundi wamepatikana baada ya mama kuumia?

Hoja ya mirathi ina uzito zaidi, kwa sababu lazima ijulikane nani anadaiwa. Ombeni taarifa rasmi ya umiliki katika ofisi ya ardhi hapa Mombasa, na kumbukeni kwamba mjini kwetu mwenye nyumba na mwenye ardhi wanaweza kuwa watu wawili, au ardhi ikawa ya wakfu. Kisha ulizeni nani anakusanya kodi na nani anaita mafundi. Anayelisimamia jengo hawezi kujificha nyuma ya ndugu walio ng'ambo.

Kakako ana nia njema, ila Kadhi hana mamlaka juu ya dai hili. Ibara ya 170 ya Katiba imempa masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale pande zote ni Waislamu na zimekubali kufika mbele yake. Fidia ya majeraha haimo. Mahakama ya Kadhi inaweza kuwafaa kwa jambo moja tu: kama mirathi ya nyumba ilifunguliwa huko, jalada litaonyesha warithi na msimamizi wao.

Sasa muda. Dai la uzembe dhidi ya mtu binafsi lina miaka 3 tangu siku ya ajali. Likiwa dhidi ya serikali au kaunti, muda ni miezi 12 tu, na wengi huja kugundua hivyo wakiwa wamechelewa. Ikiwa katika uchunguzi wenu itatokea kwamba jengo au sehemu yake iko chini ya mamlaka ya umma, basi mmebakiwa na miezi 8. Kwa hivyo swali la nani mwenye jengo lijibiwe mwezi huu.

Lakini lililo la haraka kuliko yote ni ushahidi, kwa sababu mafundi wanaubomoa. Leo hii, kabla ya alasiri, pigeni picha za roshani kutoka kila upande, pamoja na ncha za boriti zilizoliwa na mchwa na matundu yaliyobaki ukutani. Mkiweza, ombeni kipande cha boriti mkihifadhi. Andikeni majina na nambari za simu za walioona ajali na za wapangaji walioonya, na mwulizeni mpangaji kama alimwandikia mzee kwa simu, maana ujumbe wa aina hiyo una thamani kubwa. Kama ajali haikuripotiwa polisi, nendeni mripoti na mchukue nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio. Chukueni hospitalini karatasi za matibabu, picha za eksirei na stakabadhi zote. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kesi za majeraha methali hii ni sheria hasa: gharama zilizokwisha kutumika hulipwa tu zikitajwa moja moja na kuthibitishwa.

Mkimaliza hapo, fanyeni hesabu. Tuseme mama alikuwa akipata faida ya shilingi 700 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 18,200 kwa mwezi, na kwa miezi minne ni 72,800. Ongezeni 140,000 za hospitali, mmefika 212,800, na hapo hatujagusa maumivu, ulemavu ukibaki, matibabu yajayo, wala miezi ambayo bado hatafanya kazi. Maumivu na ulemavu hakimu huyapima kwa kutazama hukumu za nyuma za majeraha yanayofanana, akiongozwa na ripoti ya daktari. Hivyo mpelekeni mama kwa daktari ambaye ataandika kiwango cha ulemavu na matarajio ya kupona. Zitazameni tena zile 60,000 mkiwa na hesabu hii mkononi.

Msivunjike moyo kwa kuwa mama hana vitabu vya biashara. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa, katika kesi iliyohusu kifo cha fundi seremala, ilikataa kwamba hati ndizo njia pekee ya kuthibitisha kipato, kwa sababu Wakenya wengi hujipatia riziki bila kuweka rekodi. Anayemuuzia unga, wateja wake wa kila asubuhi na taarifa zake za M-Pesa ni ushahidi. Ila semeni kweli tupu, maana tarakimu moja iliyopambwa huzitia doa zote zilizobaki. Jiandaeni pia kusikia kwamba mama mwenyewe aliiona roshani mbovu akaendelea kukaa. Mahakama ikikubali hoja hiyo, inaweza kumbebesha sehemu ya lawama na kupunguza fidia kwa kiasi hicho.

Kuhusu kijana wa hospitali, mwondokeeni. Sheria ya Mawakili inabatilisha makubaliano ya wakili kulipwa pale tu kesi inaposhinda, na wakili mwadilifu hatumi mabroka wodini. Nusu ya fidia ya mama ni nusu ya mkono wake. Mkitaka wakili, hakikisheni kwa Chama cha Mawakili kwamba ana leseni ya mwaka huu, mkubaliane ada kwa maandishi, na mtake kuonyeshwa kila hundi inayoingia. Mkiwa hamna uwezo, hapa Mombasa kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na Kituo cha Sheria pia kina ofisi.

Huenda hata msihitaji wakili. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya majeraha ya mwili, na mama anaweza kujisimamia mwenyewe. Sheria imeweka siku 60 za kumaliza shauri. Rufaa yake ni ya hoja za kisheria tu, kwa hivyo mwingie na ushahidi wote siku ya kwanza. Daktari akisema kuna ulemavu mkubwa na dai likapita milioni moja, nendeni kwa hakimu wa kawaida.

Wanaosema mnyonge hashindi, watazame ng'ambo ya maji, Owino Uhuru, upande wa Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi huko mwaka 2007, madini ya risasi yakaingia katika damu za watoto na watu wazima. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda, aliona mwanawe akiugua, akawapima wengine, na vipimo vile vya damu vikawa uti wa mgongo wa kesi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Ile ilikuwa kesi ya kikatiba na ya watu wengi, kubwa kuliko yenu mno. Nawatajia kwa mambo mawili: vipimo vilivyochukuliwa mapema vilisimama hadi mwisho, na safari ya mahakama yaweza kuwa ndefu hata kwa mwenye haki. Jambo hili la pili ndilo linalonifanya niseme msiifunge milango ya sulhu.

Katiba yenyewe, Ibara ya 159, inazitaka mahakama zihimize upatanisho. Kwa hivyo wakaribisheni wazee tena, lakini kwa masharti. Ripoti ya daktari itangulie. Kiasi kitokane na hesabu yenu. Mkataba uwe kwa Kiswahili, utaje nani analipa, lini, na itakuwaje akikosa awamu moja. Utaje pia nani atalipia upasuaji wa baadaye ukihitajika. Mkifungua kesi kisha mkapatana, makubaliano yaingizwe mahakamani yawe amri, ili asipolipa msianze upya. Na mzee akitaka kusaidia dawa sasa hivi, pokeeni, mwandike stakabadhi kwamba ni mchango wa matibabu, bila kuathiri haki ya mama kudai kilichobaki.

Kwa mama nina neno moja. Bi. Mama, ujirani haukuharibiwa na wewe, na hautaharibiwa kwa kuomba ulipwe ulichopoteza. Kinachouharibu ni kinyongo cha mtu aliyesaini akilia, kisha kila asubuhi anapita mlango uleule na mkono usiopanda. Ukilipwa kwa haki utaweza kumwamkua mzee yule kwa moyo mweupe.

Basi binti yangu, mzee akirudi kesho, mwambieni hivi: "Mzee, tumeupokea ujio wako na tunaushukuru. Mama hatasaini leo kwa sababu hajapona na hatujui gharama yote. Tunakuomba ubomoaji usimame mpaka tumalize kupiga picha. Tutamwona daktari, kisha tutakuletea hesabu kwa maandishi, tukae na wazee tuijadili. Tukikubaliana, tutashukuru. Tukishindwa, tutamwachia hakimu aamue, na wewe utabaki mzee wetu." Mpeni na nakala ya maneno hayo, iwe na tarehe, nanyi mbaki na yenu.