Kompyuta Haiwaki: RAM au Ubao Mama?

Mimi nasoma Masomo ya Kiislamu, lakini kompyuta ninayoandikia nimeiunga mwenyewe kipande kwa kipande, na wenzangu wa hosteli huniletea zao. Wengi huja wameshaambiwa: "Ubao mama umekufa, nunua mwingine." Kwa mwanafunzi hiyo ni pesa ya chakula ya muhula mzima. Tusiuhukumu ubao mama kabla ya kuipima RAM, maana dalili zao hufanana: feni zinazunguka na skrini ni nyeusi, au mashine inajizima na kujiwasha yenyewe.

1. Okoa kazi yako. RAM mbovu inaweza kuharibu faili wakati wa kuhifadhi. Usiendelee kuandika tasnifu humo. Chomoa diski, nakili kazi yako kwenye kompyuta nyingine.

2. Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kushika chochote ndani.

3. Toa RAM zote, rudisha moja tu, ibonyeze mpaka klipu zilie. Kwenye mbao nyingi zenye nafasi nne, anza na ya pili kutoka kwenye prosesa. Kama ni DDR5, subiri dakika kadhaa: mara ya kwanza ubao huipima RAM, na skrini hubaki nyeusi.

4. Hamisha. Kosa likiifuata RAM kila unapoipeleka, RAM ndiyo mbovu. Likibaki kwenye nafasi ileile hata kwa RAM nzima, shuku ubao, au prosesa, kwa sababu kidhibiti cha RAM siku hizi kimo ndani ya prosesa. Angalia pia pini zilizopinda.

5. Ikiwaka, endesha MemTest86+ kutoka kwenye flashi. Ni ya bure. Makosa yakitokea, zima XMP kwenye BIOS urudie. RAM ya DDR4 inayoshindwa kwa kasi ya 3200 lakini ikafaulu kwa 2133 huenda si mbovu. Imekimbizwa kupita uwezo wa mfumo.

6. Ikiwa bado kimya, toa betri ya CR2032 kwa dakika chache, kisha jaribu pawa saplai nyingine. Baki na prosesa, feni yake na RAM moja, pamoja na kadi ya picha kama prosesa haina picha zake. Taa ndogo iliyoandikwa DRAM ikiwaka na kubaki, rudi hatua ya 3.

Ukimaliza yote haya kwa RAM, prosesa na pawa saplai unazojua ni nzima, na mashine bado haiwaki, sasa una haki ya kuushtaki ubao mama. Na kwa fundi, kabla hujatoa pesa, muulize swali moja: "Umeijaribu kwa RAM gani nyingine?"