Printa ya picha ya nyumbani: kabla ya bei ya printa, uliza bei ya picha moja

Wiki hii nimeulizwa inboksi na watu kama sita swali lile lile: "Dada, nataka printa ndogo ya kutolea picha nyumbani, nina laki mbili, ninunue ipi?" Nawajibu wote hapa, maana laki mbili hiyo hiyo ndiyo iliyoniponza mimi.

Nipo Ikola, mkoa wa Katavi, huku kandokando ya Ziwa Tanganyika. Nimeishia kidato cha nne, mambo ya printa sijayasomea popote, nimejifunza kwa kuharibu. Nilianza na kaduka ka vocha na vifaa vya simu, huku nauza vitenge kwenye status za WhatsApp. Picha nilikuwa napenda tu. Wateja ndio wakaanza: nitolee hii ya mtoto, nitolee hii ya harusi. Nikawa natuma Mpanda mjini zikatolewe, zinarudi na gari baada ya siku mbili tatu. Nikaona faida yote inaishia njiani, bora niwe na printa yangu.

Mama akanichukulia laki mbili kwenye kikoba chake, kwa jina lake. Nikanunua printa ya katriji 170,000, na 30,000 iliyobaki nikachukua karatasi za picha 150.

Picha ya kwanza ilitoka nzuri mpaka nikaiweka status. Kufika ya ishirini na kitu, nyekundu ikaanza kupotea, watu wanatoka na sura za kijani kama wana malaria. Kumbe katriji zinazokuja ndani ya boksi mara nyingi zina wino kidogo kuliko za kununua dukani. Nikaagiza ya rangi, 45,000. Safari hii nikaweka daftari, kila picha nachora mstari. Ilipokata nikahesabu mistari: 38.

Haya piga hesabu na mimi. 45,000 gawanya kwa 38 ni kama 1,184, huo ni wino tu. Ongeza karatasi 200, unapata 1,384. Picha nilikuwa nauza 1,500. Yaani nabaki na 116, na bado sijalipa umeme wala boda. Nilikuwa nafanya kazi ya kuuza wino wa watu!

Na ile idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi isikudanganye. Wanapima kwa kurasa za majaribio zenye wino kidogo. Picha inajaza karatasi yote kona hadi kona.

Januari ndiyo iliniuma. Watoto wanaenda kuripoti shule, wazazi wanataka paspoti saizi, oda kumi na moja ndani ya siku mbili, katriji ikakata Ijumaa jioni. Kesho yake napiga simu Mpanda, namba ya katriji yangu haipo. Hela za watu nikarudisha. Rejesho la kikoba mwezi huo alilipa mama kwa hela ya dagaa wake. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, hicho kidude kinakunywa kuliko mjomba wako."

Nikarudi kutuma picha Mpanda karibu mwaka mzima huku naweka akiba ya vitenge. Ndipo nikanunua printa ya tenki, ile unayomimina wino wa chupa. Yangu ni Epson L3250, niliipata kwa 580,000. Canon na HP nao wanazo za tenki, sikulazimishi jina. Bei ninazotaja ni nilizonunulia mimi, kwako ulizia.

Chupa nne za wino kwangu ni 112,000. Zimenitolea picha kama 320 za inchi 4 kwa 6, sihesabu chupa za mwanzo, maana wino wa kwanza mwingine unaishia kujaza mipira ya ndani. Hapo wino ni 350 kwa picha. Ukiweka karatasi ni 550. Kwa bei ile ile ya 1,500 nabaki na 950.

Sasa usikimbilie dukani. Gawanya 580,000 kwa 950, unapata picha 611 ndipo hela ya printa irudi. Kama unauza picha 50 kwa mwezi ni mwaka mzima na zaidi. Ndiyo maana nawaambia wenye laki mbili: endelea kutuma studio, andika oda zako miezi miwili, kisha ndio uamue. Ukiona ni picha kumi kwa mwezi, printa haikufai, hata ya bure.

Kilichonirudishia hela mimi ni paspoti saizi. Picha ya milimita 35 kwa 45, kwenye karatasi ya inchi 4 kwa 6 zinakaa nane. Nane nauza 4,000, gharama ni ile ile 550. Hapo unahitaji karatasi 169 tu kurudisha mtaji. Picha za harusi na watoto ndizo ninazozipenda, lakini mlipaji ni paspoti.

Zipo za rangi sita, mfano Epson L8050. Zinaongezewa bluu hafifu na nyekundu hafifu, ngozi ya mtu inatoka laini zaidi. Ni nzuri, ila bei iko juu sana, kwa kuanzia rangi nne zinatosha. Leza ni ya barua na kopi, picha achana nayo. Tena usije ukaingiza karatasi ya picha ya printa ya wino kwenye leza, moto wa ndani unaweza kuyeyusha ule mng'ao ukagandia humo humo. Halafu kuna zile ndogo kama Canon Selphy, hazina wino wa maji, zinatumia utepe, na mwisho zinaipaka picha utando wa kuilinda. Kwa mtu anayetoa picha mara mojamoja ni nzuri, haikauki. Ila haitoi barua wala CV, na utepe wake huku kwetu utausubiri.

Kukauka ndio ugonjwa wa printa za wino. Matundu ya kichwa ni madogo mno, ukiiacha wiki kadhaa bila kazi yanaziba, na kila ukisafisha kichwa unamwaga wino. Mimi kila Jumatatu natoa kapicha kadogo kenye rangi zote hata kama sina oda. Na zima kwa kitufe chake, usichomoe ukutani, ili kichwa kirudi kwenye kifuniko chake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi iwashe kisha uizime vizuri.

Angalia pia kama ina Wi-Fi. L3250 inayo, L3210 haina, inataka waya. Mimi sina kompyuta, natoa moja kwa moja kutoka kwenye simu bila hata bando. Mteja akikutumia picha WhatsApp mwambie aitume kama dokumenti, maana ikija kama picha ya kawaida inapunguzwa ubora. Kwa inchi 4 kwa 6 tafuta yenye walau pikseli 1200 kwa 1800.

Na maji. Mvuvi mmoja alikuja kuchukua picha za mwanae akitoka ziwani, akazishika na mikono mibichi, rangi ikatiririka mbele yangu. Nilimtolea nyingine bure. Siku hizi natoa, naacha ikauke, naweka kwenye kifuko cha nailoni ndipo namkabidhi mtu. Karatasi zenyewe nazifunga hivyo hivyo, unyevu wa ziwa unazikunja.

Juzi mama kaja na oda. Kikoba chao wamepiga picha ya pamoja, wako kumi na tano, kila mmoja anataka ya kwake. Nimewafanyia 1,200 moja. Hesabu ya wino wao nimeiandika kwenye daftari lile lile, nyuma ya ukurasa wenye mistari 38.